Virusi viwili, mwili mmoja, na sigara juu yake
(Maneno ya komite mbele ya wanachama na wafadhili)



Mwezi wa tatu 2025, M23 walipofika Walikale, tulikimbia na kile mkono ulichoshika. Kampuni ya Alphamin nayo ilisimamisha kazi ya Bisie, ikaanza tena mwezi wa ine. Wengi walibeba mtoto na sufuria. Dawa zikabaki nyumbani. Juu ya dawa hizo tunataka kusema leo.

Kuna virusi vya ukimwi, na kuna virusi vya homa ya ini aina ya B. Vyote vinapita njia zile zile: damu, kitanda, mama kwa mtoto. Wembe mmoja kwa watu watano, basi! Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuvibeba pamoja. OMS ilihesabu watu milioni 254 wenye homa ya ini B ya kudumu mwaka 2022, na wengi hawajijui, juu ini halilalamiki mapema. Macho yakigeuka manjano na tumbo likijaa maji, mara nyingi ugonjwa umekwisha kufika mbali.

Sasa sikieni vizuri. Kile kidonge kimoja cha kila siku wanachokunywa wagonjwa wengi wa ukimwi kina dawa tatu ndani: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza zinapigana na homa ya ini pia. Kwa hiyo mwenye virusi vyote viwili akikata dawa ghafula, si ukimwi tu unaorudia nguvu. Ini nalo linaweza kuwaka, na hiyo inaweza kuua. Aliyekaa porini wiki tatu bila kidonge asifiche kwa haya: aende kwa muganga, aseme alikata siku ngapi, aombe kupimwa ini.

Na sigara? Vijana wa shimo wanasema inafukuza usingizi na njaa. Wazee wana tumbaku yao ya pua. Hatukuja kutukana mtu. Lakini kule Denmark, utafiti uliotoka 2013 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa ukimwi wanaotunzwa vizuri, sigara iliwapokonya wavutaji miaka karibu 12 ya maisha, virusi vyenyewe miaka kama 5. Denmark si Walikale, kule dawa haikatiki juu ya vita. Moshi lakini ni ule ule. Tena sigara inaleta saratani ya ini, na homa ya ini B inaleta ile ile.

Wafadhili, mwaka huu tusaidieni na vipimo vya haraka vya homa ya ini B, kuliko tisheti. Wamama wenye mimba wapimwe kwanza, juu OMS inataka mtoto apate chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa.

Na wale ambao fishi yao ya dawa ilipotea njiani, mukuje hivyo hivyo. Komite itawasindikiza.