Mbuzi Anayechechemea: Maneno kwa Wanaoanza Kusoma Sheria

Mhadhara huu ni wa umma, lakini leo nasema na ninyi wa mwaka wa kwanza ambao bado mnaulizana bweni lipi lina maji. Wengine mtaniwia radhi.

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya masomo, kabla sijafuta ubao, swali huwa lilelile: "Mwalimu, desa la somo hili lipo?" Lipo. Limetolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimefifia. Ndani yake mtakuta maana tano za neno sheria, kila moja na jina la mwanazuoni wa Ulaya aliyekufa zamani. Mwanafunzi anazikariri, anapata B yake, anafunga daftari. Mimi naomba muanzie kwingine. Muanzie kwa mbuzi.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi benchi la nyuma katika mahakama ya mwanzo moja nje ya mji huu wa Dodoma. Mzee mmoja alikuwa anadai fidia: mifugo ya jirani iliingia usiku kwenye shamba lake la uwele. Hakimu akamuuliza mbuzi walikuwa wangapi.

"Mheshimiwa hakimu, mbuzi sikuwahesabu. Nilihesabu nyayo."

Watu wakacheka. Hakimu aliendelea kuandika, kisha akataka kujua mzee alitambuaje kwamba nyayo zile ni za mbuzi wa mdaiwa. Mzee akajibu kwamba kuna mmoja anachechemea, mguu wa nyuma wa kushoto anauburuta, na mburuzo huo ulitoka shambani ukaenda moja kwa moja mpaka zizini kwa jirani. Mdaiwa akainamisha kichwa. Nikajua kesi imekwisha. Ndipo mshauri mmoja wa mahakama, mama wa makamo aliyekuwa kimya asubuhi nzima, akauliza: "Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

Lipimeni swali hilo. Kama ilinyesha jioni ile, ardhi ilifutika, na kila unyayo uliokutwa asubuhi ni wa usiku huo. Kama ilikuwa na wiki mbili haijanyesha, na nyanda hizi zetu zinajulikana, mburuzo ule unaweza kuwa wa siku yoyote ambayo mbuzi yule alikatiza akienda kunywa maji. Dai zima lilikuwa limening'inia kwenye jambo ambalo si mdai wala mdaiwa aliyelitaja. Baadaye mtasoma ushahidi wa mazingira, na mtaambiwa kwamba katika jinai mambo yote lazima yaelekee upande mmoja, yasiache mwanya wa maelezo mengine ya maana. Yule mama alikuwa anautafuta mwanya huo. Hukumu sikuisikia, nilikuwa na basi la kuwahi, na hilo najuta mpaka leo.

Mtakapoingia darasani hamtakutana na mbuzi. Mtakutana na konokono, yule wa Paisley, Uskoti, aliyedaiwa kukutwa mwaka 1928 ndani ya chupa ya kinywaji cha tangawizi. Hukumu yake ya 1932 ndiyo mama wa sheria ya uzembe mtakayofundishwa. Mtakariri tarehe 22 Julai 1920, kikomo cha sheria za Uingereza zilizopokelewa Tanganyika. Mtaambiwa sheria yetu ya mikataba imechongwa kutoka ile ya India ya 1872. Siwaambii mvikatae vitu hivyo. Yule konokono nampenda, maana majaji wale wakubwa wa London walisoma kisa kidogo cha chupa moja kwa umakini uleule wa yule mama mshauri wa mahakama.

Waliowatangulia walianza na hayohayo. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria, kwa sababu Makerere na Nairobi hazikuwa zikiifundisha. Wanafunzi walikuwa wachache sana, mwanamke mmoja tu, Julie Manning. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria.

Sasa niwape kisa cha hapahapa. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, lakini mahakama zilizuiwa kuzisimamia hadi Machi 1988. Mlango ulipofunguka, majaji wachache waliingia mbio. Mmoja ni Jaji James Mwalusanya. Juni 1994, akiketi Mahakama Kuu Dodoma, alikuwa na washtakiwa wawili waliotiwa hatiani kwa mauaji. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kilimwachia adhabu moja tu: kunyongwa. Alikataa. Akaandika hukumu ndefu akisema adhabu ya kifo ni ya kikatili, inadhalilisha utu na inapingana na Katiba, akawapa kifungo cha maisha. Hiyo ndiyo kesi ya Mbushuu.

Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua. Fungueni desa lolote mtakuta mstari mmoja: adhabu ya kifo ni halali, Mbushuu, 1995. Mstari huo si uongo. Ila aliyeishia hapo hajui kwamba Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mwalusanya kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha. Walipoachana ni kwenye Ibara ya 30(2) ya Katiba: je, jamii inaihitaji ili kujilinda? Jaji wa Dodoma alisema haikuthibitishwa. Wale wa Rufani wakasema hakuna uthibitisho wa kukata mzizi wa fitina upande wowote, basi jambo hilo ni la jamii kuamua. Nani abebe mzigo wa shaka: huo ndio moyo wa kesi, na desa limeuacha nje. Juni 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifuta adhabu ya kifo katika kesi ya Makwanyane, na majaji wake walizipitia hukumu zetu zote mbili. Walizisoma Johannesburg. Nimewahi kufundisha wanafunzi wa mwaka wa nne, wakazi wa mji huu, ambao hawakuwa wamezisoma.

Mwaka 2022 nchi ilishtuka kusikia kwamba Shule ya Sheria kwa Vitendo ilitahini wanafunzi 633 wakafaulu moja kwa moja 26. Kamati iliundwa chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Wapo waliolaumu mitihani, wapo waliolaumu vyuo, wapo waliolaumu Kiingereza. Mimi, mtanisamehe, nalilaumu desa kwanza.

La Kiingereza nalo lina ukweli wake. Tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria, hapahapa Dodoma, Rais Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili kule Musoma, akatangaza kumpandisha Mahakama ya Rufani. Mwaka huohuo sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Madarasani bado tunafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo ninyi mtabeba lugha mbili, na sioni aibu yoyote katika hilo. Ninachoogopa ni kinachodondoka njiani. Yule mzee alisema "mburuzo". Mtu aliyelala nusu usingizi atatafsiri "alama", na swali la mvua halitaulizwa kamwe.

Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure mtandaoni, kwenye TanzLII. Zisomeni, lakini nawaomba jambo moja kabla ya wiki hii kwisha. Tafuteni mahakama ya mwanzo iliyo karibu nanyi na mfike asubuhi mapema. Hakuna kiingilio, mlango uko wazi kwa kila mtu. Vaeni nguo za heshima, zimeni simu, kaeni benchi la nyuma, na msiondoke kabla hukumu haijasomwa.