Habari za Mitambo ni Habari za Siasa



Iko desturi katika vyumba vya habari ya kuzigawa habari mafungu mafungu. Siasa hupewa ukurasa wa kwanza. Habari za mitambo, simu na intaneti husukumwa ndani, karibu na matangazo ya biashara, kana kwamba ni jamaa wa bei za vocha. Mgawanyo huo una hasara. Msomaji huzoea kuamini kwamba mtambo hauna mwenyewe, haukupangwa na mtu wala haukugombewa na serikali yoyote. Upo tu, kama mvua za masika.

Chukueni mfano wa Jumapili, tarehe 12 Mei, 2024. Siku hiyo mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu huko kusini, katika pwani ya KwaZulu-Natal. Intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za upande huu wa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulilazimika kusimamisha huduma zake kwa umma kwa siku mbili. Kwenye kaunta za ofisi mwananchi aliyefuata namba ya malipo alijibiwa maneno yale yale yaliyozoeleka: "Mtandao uko chini." Na kwa mara moja maneno hayo yalikuwa ya kweli kabisa, maana ulikuwa chini ya bahari.

Habari yenyewe iliandikwa kwa kifupi: mtandao umekatika. Walimu wa Kiswahili wanaijua kauli hiyo. Kitu hukatika, huvunjika, humwagika, na mtenda hatajwi. Ni kauli yenye adabu sana kwa wenye mali.

Hapana budi basi kuuliza yaliyoachwa. Kwa nini hitilafu katika pwani moja ya mbali iwanyamazishe watu wa Dar es Salaam? Jibu moja liko kaskazini. Mwezi Februari mwaka huo huo, mikongo kadhaa, SEACOM ikiwamo, ilikuwa imekatwa katika Bahari ya Shamu. Maofisa wa Marekani walieleza kuwa huenda iliburutwa na nanga ya Rubymar, meli ya mizigo iliyopigwa kombora na Wahouthi wa Yemen, ikatelekezwa na mabaharia wake, na hatimaye kuzama. Kuitengeneza hakukuwa kazi ya mafundi peke yao. Yemen ilikuwa na tawala mbili zinazohasimiana, na ruhusa ya kufanya kazi katika maji yake ikawa jambo la kuvutaniwa. Kwa hiyo njia ya kaskazini ilikuwa na jeraha tayari, jeraha la vita, siku ile ya kusini ilipoharibika. Habari hiyo ilikuwa ya ukurasa wa kwanza, lakini ilizikwa.

Wala si jambo jipya. Januari 1879 majeshi ya Wazulu yaliwashinda Waingereza pale Isandlwana. Habari za kushindwa huko zilifika London tarehe 11 Februari, takriban majuma matatu baadaye, kwa kuwa sehemu ya safari ilikuwa ya meli. Ubeberu haukupenda kungoja. Kabla ya mwaka huo kwisha, waya wa simu za maandishi ulikuwa umelazwa baharini kutoka Aden, ukapita Zanzibar na Msumbiji hadi Durban. Mtu wa Zanzibar hakulazimiwa waya ili azungumze na mwenzake wa Msumbiji. Ulilazwa ili amri iteremke upesi na taarifa ipande upesi. Anayetazama ramani ya mikongo ya leo ataiona pwani ile ile, na miji kadhaa ni ile ile.

Tofauti ni kwamba safari hii Waafrika walikuwamo katika mabishano. Kabla EASSy haijaanza kazi mwaka 2010, serikali kadhaa, chini ya mpango wa NEPAD, zilitaka mkongo uendeshwe kwa masharti ya umma, kila nchi ipate njia kwa bei ya haki. Kampuni za simu zilitaka uongozwe na waliotoa fedha. Mabishano yalichukua miaka. Kenya ilichoka kungoja ikaingia ubia wa mkongo wake, TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa, na mwaka 2009 ukawa tayari. Mei 2024 mkongo huo haukuguswa, na Kenya ikapata nafuu ambayo jirani zake hawakuipata. Uamuzi wa mezani ulionekana matunda yake baada ya miaka kumi na mitano. Tanzania nayo ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaofika mipakani na kuungana na jirani. Lakini mkongo wa nchi kavu, hata ukiwa mzuri namna gani, lazima ukutane na bahari mahali fulani, na huko baharini mwenye nyumba ni mwingine.

Wazee wa kazi hii wanakumbuka kuwa mwaka 1980, katika mkutano wa UNESCO mjini Belgrade, nchi changa zilidai utaratibu mpya wa habari duniani. Marekani ilijitoa katika shirika hilo mwishoni mwa 1984, na Uingereza ikafuata mwaka uliofuata. Wakati ule ugomvi ulikuwa juu ya nani anaandika habari. Juu ya nani anamiliki waya yalisemwa machache mno.

Meli iliyotumwa kuitengeneza mikongo ile ya Mei ilikuwa na kituo chake Cape Town, nayo ni mali ya kampuni ya Kifaransa. Inaitwa Léon Thévenin. Walimu wa fizikia watakuwa wamelitambua jina: ni mhandisi wa simu za maandishi wa Ufaransa, ambaye kanuni yake hufundishwa katika masomo ya umeme. Mwanafunzi huihesabu kanuni hiyo ubaoni, akapata alama zake, asijue kuwa meli yenye jina hilo ndiyo iliyongojwa na mabenki, shule na ofisi za nchi yake.