Tukague Gari Kabla ya Kulinunua: Amana ya Muuzaji na Mnunuzi

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini baada ya swala ya Ijumaa, Arusha)

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyetuwekea njia za halali za kuchuma na akatubainishia zile za haramu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote waliofuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Huenda baadhi yenu mtastaajabu kwamba leo tumesimama msikitini kuzungumzia ununuzi wa magari kuukuu. Tunawakumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqarah, inahusu uandishi wa madeni na kuweka mashahidi katika mauziano. Dini yetu haikuliacha soko nje ya mlango wa msikiti.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, sisi wa kamati tulikabidhiwa michango ya waumini ili tununue gari la kubebea jeneza na la kuwafikisha walimu katika madrasa zilizo kwenye miteremko ya Mlima Meru. Ndani ya fedha hizo zilikuwemo shilingi za kina mama wanaouza ndizi sokoni, za vijana wa bodaboda, na za mzee mmoja aliyeuza mbuzi wake. Dalali akatuletea Land Cruiser ndefu ya dizeli iliyostaafu kazi ya kupeleka watalii mbugani. Tuliikuta imeoshwa, inang'aa, na injini yake tayari inanguruma. Tukaambiwa kwamba mnunuzi mwingine yuko njiani na fedha taslimu mkononi. Tukaona haya kumhoji sana ndugu yetu Mwislamu, tukalipa mchana uleule.

Wiki ya tatu tulibeba maiti kutoka mjini kwenda kuizika Ngare Nanyuki. Kabla hatujafika Momella, mshale wa joto ulipanda hadi mwisho na maji yakafoka. Jeneza lilikaa kando ya barabara kwa saa tatu, huku wafiwa wakisubiri makaburini, ilhali Mtume (S.A.W.) ametuagiza kuharakisha mazishi. Fundi alipoifungua injini alikuta silinda hedi ina ufa wa zamani uliokuwa umezibwa. Fedha za matengenezo zilitoka katika mfuko wa kuezekea madrasa, na watoto wetu wakasoma masika yote chini ya turubai. Muuzaji alificha, na hilo ataulizwa na Mola wake. Lakini nasi tulizembea, na fedha hazikuwa zetu. Ndiyo sababu tunazungumza leo.

MAFUNDISHO YA MTUME (S.A.W.) KUHUSU KASORO ZA BIDHAA

Imepokewa na Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile sehemu yenye maji juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba anayeghushi hayumo pamoja naye. Tuzingatie mambo mawili. Mtume hakutosheka na kutazama juu ya lundo, bali aliingiza mkono. Na pia hakukubali udhuru wa mvua, kwani kosa la yule mtu lilikuwa ni kuficha.

Vilevile, katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume amekataza kumwacha mnyama siku kadhaa bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ni mwenye maziwa mengi. Aliyedanganywa hivyo ana haki ya kumrudisha. Je, mtu anayerudisha nyuma mita ya kilometa, au anayemimina oili nzito ili moshi usionekane kwa siku moja, ana tofauti gani na yule mwenye kiwele kilichojazwa? Na yule "mnunuzi aliye njiani" anayebuniwa na dalali ili bei isishuke ni katika najshi, nayo pia imekatazwa.

Kwa hiyo muuzaji analazimika kusema. Nasi wanunuzi tunalazimika kuingiza mkono ndani ya lundo.

MAMBO YA KUKAGUA

Kwanza, nyaraka. Linganisheni namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyoandikwa katika kadi, tarakimu kwa tarakimu, kisha namba ya injini. Ikiwa chuma kimesuguliwa au kimechomelewa penye namba, ondokeni. Jina lililo kwenye kadi liwe la huyo anayewauzia, na mlithibitishe Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kulipa. Akisema kadi imepotea, ulizeni kama haishikiliwi na mkopeshaji kwa dhamana ya deni. Ikiwa mwenye gari amefariki, asiwauzie mtoto mmoja kwa niaba ya wenzake, bali aonyeshe uthibitisho wa usimamizi wa mirathi. La sivyo mtakuwa mmenunua haki ya mayatima. Angalieni pia faini za barabarani zilizolimbikizwa kwenye namba ya gari.

Hapa Arusha lipo jambo la ziada. Mji wetu ulikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na una mashirika mengi. Magari mengi ya taasisi za namna hiyo huingia nchini kwa msamaha wa kodi. Yanapouzwa kwa mtu asiyestahiki msamaha huo, kodi huweza kudaiwa. Bei inayoonekana nafuu inaweza kuwa ni bei ya gari ambalo kodi yake inakungojeni.

Pili, chini ya gari. Vaeni nguo za kazi, chukueni tochi, mlale chini. Magari ya utalii ya hapa kwetu mengi yamekatwa chasisi na kurefushwa ili yaongezwe viti. Tafuteni mahali palipoungwa, na fundi wa kuchomelea aseme kama kazi ni imara au kuna nyufa. Gari lililopigwa miaka mingi na matuta madogo madogo ya barabara za mbugani hupasuka penye mikono ya springi na pale bodi inaposhikana na chasisi. Lililotoka pwani, au sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, huliwa na kutu kwa chini. Gongeni kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Wapenzi wa Land Rover za zamani wasidanganyike na bodi safi. Bodi ile sehemu kubwa ni ya aluminiamu, lakini chasisi ni ya chuma na huoza kimyakimya.

Tatu, injini. Mwambieni muuzaji mapema kwamba mnataka kuliwasha wenyewe likiwa baridi, nanyi mfikapo wekeni kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, rudini siku nyingine. Injini ikiwa bado baridi fungueni kifuniko cha rejeta: maji yenye mafuta ni dalili mbaya. Chomoeni kijiti cha oili: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Likishawaka, tazameni moshi. Wa bluu usiokoma maana yake injini inakula oili. Mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata joto huweza kuwa maji yanayoingia ndani. Mweusi mzito mara nyingi ni nozeli, pampu au kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, na vumbi la majivu ya volkano la huku kwetu si haba. Injini ya 1HZ iliyo katika Land Cruiser nyingi ina mkanda wa ndani wenye muda wa kubadilishwa. Ulizeni ulibadilishwa lini na mwone ushahidi. Usipokuwepo, hesabuni gharama ya kuubadilisha. Zile za 1KZ zilizo katika Prado na Surf za zamani zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi zikichemka, basi ziangalieni zaidi.

Nne, barabarani. Msikubali kuzunguka uwanja wa tambarare tu. Shikeni barabara ya Namanga, mpite Ngaramtoni mpande kuelekea Oldonyo Sambu, watu wakiwa wamejaa garini, na jicho moja liwe kwenye mshale wa joto. Sisi tungefanya hivyo tu, ule ufa ungejitangaza. Kanyageni breki kwa nguvu gari likiwa limesimama na mshikilie nusu dakika. Kanyagio likizama taratibu, kuna mvujo. Vuteni breki ya mkono kwenye mlima. Penye udongo jaribuni magurudumu yote manne na gia nzito ya kupandia, kwani wengi hununua gari la porini na kugundua wakati wa masika kwamba magurudumu ya mbele hayavuti. Tazameni pia matairi: tarakimu nne za mwisho ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Na mita ikisema gari limetembea kidogo, huku kanyagio zimelika na usukani umekuwa laini kama kiwi, aminini kanyagio.

Tano, mkataba. Andikeni, mshuhudishe, na fedha zipite benki. Wanachuoni wametaja khiyari ya sharti, yaani wawili kukubaliana kwamba mnunuzi ana siku kadhaa, kama tatu, za kurudisha mali. Liombeni sharti hilo na liandikwe. Muuzaji mkweli halitamtisha. Malipo ya fundi wenu mwenyewe, asiyejuana na dalali, ni madogo mno mkiyalinganisha na hasara.

TAWAKALI NA HAYA

Wapo watakaosema kwamba kukagua namna hii ni kumdhania ndugu yako vibaya. Sivyo. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Na aliyeingiza mkono katika lundo sokoni Madina alikuwa mbora wa viumbe katika kuwadhania watu vizuri. Wengine hutundika hirizi kwenye kioo cha gari wakidhani itawakinga. Hirizi haizibi bomba la breki linalovuja, na kuitegemea ni kuiharibu tauhidi. Fungeni ngamia, someni dua ya safari, na mumtegemee Allah.

Enyi ndugu zetu mnaouza magari, tunawausia pia. Waswahili wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Imepokewa kwa Hakim bin Hizam (R.A.) kwamba wauziani wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Mwenye gari bovu anaruhusiwa kuliuza. Aseme ubovu wake na apunguze bei. Yupo fundi atakayelinunua akijua anachonunua.

Gari lile tunalo hadi leo. Injini imetengenezwa, na chasisi imeungwa upya na fundi tunayemwamini. Kila tunapopandisha jeneza ndani yake tunakumbuka siku ile ya Momella, na tunawaomba radhi waumini waliotukabidhi fedha zao, hasa yule mzee mwenye mbuzi, ambaye hakutulaumu hata kwa neno moja.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie ukweli katika kuuza kwetu na uangalifu katika kununua kwetu, na asituhesabu siku ya Kiyama miongoni mwa waliopoteza amana za watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.