Mashine ya Muziki ya Kikundi Chetu
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Katibu ameshasoma risala na mweka hazina amesoma mahesabu, kwa hiyo habari za hisa na mikopo tangu mwaka 2016 hatutazirudia. Tumeombwa tuzungumzie ile laptopu ya muziki. Hapa Kihonda kila tunapopita tunaulizwa: mliinunua wapi, kwa bei gani, na akina mama wa darasa la saba mliijuaje? Haya, leo tunajibu.

Mwaka 2019 kikundi kilinunua viti na maturubai ya kukodisha. Mwaka 2022 tukaongeza spika mbili kubwa na miksa. Mashine ya kupigia nyimbo hatukuwa nayo, tulikuwa tunakodi kijana anakuja na laptopu yake. Desemba 2024, katika sendofu ya binti wa mwenzetu, kijana tuliyemkodi alifunga laptopu yake saa tatu usiku akaenda kwenye shughuli nyingine iliyompa zaidi. Spika zetu zikabaki zimesimama kama makabati. Mwenye shughuli alikata fedha, na alikuwa na haki yake.

Ndipo hoja ikaletwa kikaoni kwamba kikundi kinunue laptopu yake. Jamani, kikao kile kilikuwa kirefu! Mama yetu mmoja mtu mzima aliuliza: "Kitu chenyewe hatujui hata kukiwasha. Kikiharibika tutajuaje kama kimeharibika?" Wengine walicheka, lakini lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Fedha iliyotakiwa ilikuwa shilingi 800,000, na ikitoka hiyo mfuko unapungua. Mwenzetu mmoja, ambaye zamu yake ya mkopo wa ada ilikuwa imefika, alikubali kusubiri wiki tatu. Kwa hiyo tulijua tunabeba fedha ya nani. Kikao kikaamua waende watu watatu: katibu, mweka hazina, na kijana wa mwanachama mwenzetu anayesomea kompyuta. Na shilingi isitoke mkobani mpaka kila kitu kimeonekana kinafanya kazi.

Laptopu mpya ya uwezo tuliotaka ilikuwa inazidi fedha yetu maradufu. Tukaamua kutafuta iliyotumika ikafanyiwa matengenezo. Hizi asili yake ni maofisi ya Ulaya, Marekani na kwingineko. Makampuni hutumia mashine miaka mitatu minne, kisha huziondoa zote kwa pamoja na kuchukua mpya. Wafanyabiashara huzinunua, huzisafisha, hufuta mambo ya mwenyewe wa zamani, hubadilisha kilichochoka, na kuziuza. Zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, kama Lenovo ThinkPad, Dell Latitude na HP EliteBook, zina mwili mgumu na hufunguka kirahisi kwa fundi. Msimamo wetu ni kwamba mashine ya ofisi ya miaka saba ni bora kuliko mpya ya bei ya chini yenye memori ya GB 4. Rahisi huvunja upishi, na rahisi siyo lazima iwe ya zamani.

Machi 2025 wajumbe wetu walipanda treni ya SGR asubuhi kutoka hapa Morogoro. Chini ya saa mbili wako Dar es Salaam, na kutoka stesheni kwenda Kariakoo siyo mbali. Duka la kwanza waliletewa laptopu ya shilingi 420,000, inang'aa kama sahani ya Idi. Kijana wetu akageuza, akasoma: i5-7300U. Akasema hii hapana.

Hapa tuweke kituo, maana ndipo watu wengi wanapouziwa. Namba ile baada ya kistari inataja kizazi cha mashine. 7300 ni kizazi cha saba, 8350 ni cha nane. Zikiwa na tarakimu tano, kama 10210, ni kizazi cha kumi. Kampuni ya Microsoft iliweka sharti kwamba Windows 11 kwa kawaida ianzie kizazi cha nane cha Intel, na ilikuwa imeshatangaza kwamba matunzo ya bure ya Windows 10 yatakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo sababu mwaka ule maofisi ya nje yalikuwa yanatupa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa wingi, na ndiyo sababu bei yake ilikuwa laini. Muuzaji alisema, "Mama, Windows 11 inaingia tu." Kuingia inaweza ikalazimishwa ikaingia, lakini aliyeitengeneza haitambui, na siku ikigoma utamlalamikia nani?

Duka la tatu ndipo ilipopatikana ThinkPad T480, ya kizazi cha nane, memori GB 8, diski ya SSD ya GB 256. Aina hii ilitoka mwaka 2018. Kilichotuvutia ni betri zake: moja iko ndani haitoki, nyingine iko nyuma inachomolewa. Ya ndani ikiwa na chaji, unaweza ukachomoa ya nyuma ukaweka nyingine na muziki usikatike. Kwa watu wa kazi za usiku na umeme wetu huu tunaoujua, hiyo ni mali.

Haikulipiwa papo hapo. Waliizima kabisa, wakaiwasha wenyewe ikiwa baridi, maana mashine inayokutwa imeshawaka inaweza kuwa imebembelezwa tangu alfajiri. Walibonyeza F1 wakati inaamka ili waone mipangilio ya ndani. Ikiuliza neno la siri pale na muuzaji halijui, mashine hiyo bado ina mwenyewe, iache. Namba ya mashine iliyomo ndani ikalinganishwa na iliyobandikwa chini. Wakaandika amri ya powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya betri ilizaliwa na ukubwa gani na leo inashika kiasi gani. Zetu zote mbili zilikuwa zinashika kama asilimia 80. Chini ya asilimia 60 tungedai punguzo la kununulia betri. Mweka hazina wetu, ambaye kompyuta hakuwahi kuigusa, ndiye aliyepewa kazi ya kubonyeza kila herufi moja baada ya nyingine na kuchomeka flashi katika kila tundu. Alichukua robo saa, muuzaji akaanza kupumua kwa nguvu, yeye anaendelea. Tundu la chaji likachezeshwa kuona kama linalegea, na tundu la spika za masikioni likachezeshwa huku wimbo unapigwa. Mwisho bei ikawa 650,000, na risiti ya EFD, na karatasi ya dhamana ya miezi mitatu yenye mhuri. Shilingi 150,000 iliyobaki ilinunua kadi ya sauti ya nje, diski ya akiba, na vikorokoro.

Kuna wanaodhani ukishanunua umemaliza. Mashine ikifika nyumbani bado siyo mashine ya muziki, ni mashine ya ofisi iliyopotea njia. Kijana wetu aliifuta yote akaweka Windows 11 upya. Akazima milio yote ya kompyuta yenyewe, kwa sababu hakuna aibu kama mlio wa ujumbe kupita kwenye spika wakati bibi harusi anaingia. Akaiambia isilale yenyewe, wala isizime matundu ya USB kwa kubana umeme. Wakati wa kazi Wi-Fi na Bluetooth zinazimwa. Mabadiliko ya Windows yanafanywa Jumatatu, siku isiyo na shughuli, na siyo Ijumaa usiku.

Kuhusu programu ya kupigia, tulichukua Mixxx. Hii ni ya bure kihalali, hata kwa kazi ya kulipwa. Nyingine nzuri zipo, kama VirtualDJ, lakini ile ya bure yake ni ya kutumia nyumbani tu. Ukifanyia biashara unatakiwa ulipie. Za wizi zinazouzwa kwenye flashi tulizikataa, kwa kuwa ndani yake huja na virusi, na virusi havichagui harusi.

Sauti ya kwenda kwenye miksa inapita kwenye kadi ya nje, na ya kusikiliza masikioni inapita kwenye tundu la laptopu yenyewe. Kuna mahali pa kupanga bafa, yaani sauti kidogo ambayo mashine inaiandaa kabla ya kuitoa. Ukiweka ndogo sana, muziki unakwaruza kama mahindi kwenye kikaango. Ukiweka kubwa sana, DJ anabonyeza na sauti inachelewa kumjibu. Unaanza na kubwa, unapunguza polepole mpaka ikwaruze, kisha unarudi nyuma hatua moja na kuiacha mashine ipige saa tatu mfululizo uani. Sisi tulifanya hivyo siku mbili. Majirani walituvumilia, tunawashukuru.

Siku ya pili ukatokea mlio kama wa nyuki kwenye spika. Ukichomoa chaji, unaisha. Ni umeme unaozunguka kati ya waya wa ardhi wa chaji na wa spika. Wapo mafundi wanaoshauri kukata waya wa ardhi. Kikundi kinakataza kabisa, waya ule ndio unaomkinga mtu asiuawe na umeme. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kutenganisha kinachowekwa kwenye waya wa sauti.

Nyimbo tumezipanga kwa makabati: taarabu, singeli, bongo fleva, kwaya, kaswida, na zilipendwa. Morogoro hapa huwezi ukafanya jubilei ya wazee bila Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Programu hupima kasi ya kila wimbo, lakini singeli huvuka mapigo 200 kwa dakika na mara nyingi mashine huisoma nusu yake, inabidi urekebishe kwa mkono. Nyimbo za kutumiana kwenye simu hatuziweki, kwenye spika kubwa zinatoa sauti ya kopo. Nakala ya kila kitu iko kwenye diski ya akiba, inayolala nyumba tofauti na laptopu. Na kwa kuwa ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na nyimbo zina wenyewe, tulikwenda kwa Afisa Utamaduni kuulizia taratibu kabla ya kazi ya kwanza.

Kazi ya kwanza ilikuwa Aprili 2025. Kila kazi mashine na mpigaji vinaingiza 80,000: nusu ya mpigaji, nusu ya kikundi. Kazi ya 20 ilifanyika Oktoba mwaka uleule, na shilingi 800,000 ikawa imerudi mfukoni. Mwenzetu aliyesubiri mkopo wa ada yuko hapa, mwanawe amefika kidato cha tatu.

Sasa kuna jambo bado tunavutana, na hatutalificha mbele ya wageni. Wapigaji wetu ni wawili, yule kijana na binti mmoja wa mwanachama. Huyu binti anapiga vizuri kuliko kaka yake, na wateja wa kicheni pati wanamuomba yeye kwa jina. Lakini wapo wanaosema mtoto wa kike kurudi saa saba usiku siyo heshima. Sisi uongozi tumeweka utaratibu kwamba anakwenda na mama wawili wa kikundi, na usafiri wa kurudi unalipwa na mwenye shughuli kabla ya siku. Wanaotaka tununue mashine ya pili tunawaambia subirini. Kwanza tupate betri mpya ya nyuma, na mikono mingine miwili ya kuipiga hii iliyopo.

Wasichana wanaotaka kujifunza waandikishe majina kwa katibu kabla ya kikao cha Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Mafunzo ni uani kwa mweka hazina, saa tisa alasiri. Flashi zao waziache nyumbani.