Si Uzee Unaomwangusha Mzee

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Kigoma.)



Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Kwa kijana maneno hayo ni kweli: huteleza, akajishika, akaendelea na safari yake. Kwa mtu wa miaka 70 sivyo. Misuli yake imepungua nguvu, macho yamefifia, na mwili huchelewa kujirudi. Akiteleza ameanguka, na akianguka huenda asisimame tena.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Wanaokufa kwa wingi zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Umri huo ndio ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautambua kuwa ni wa uzee, na ndio ambao walio wengi miongoni mwetu hustaafu kwa lazima. Kwa hiyo tusidhani kuwa tunawazungumzia watu wengine.

Sisi watu wa ziwani tunajua kumlinda mzee asianguke. Kwa miaka mingi abiria wa meli ya Liemba, iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, walishukia mitumbwini katika vijiji visivyo na gati. Nani alimwachia bibi kizee ashuke peke yake? Mmoja alimshika mkono juu, mwingine akampokea chini, wa tatu akaushikilia mtumbwi usiyumbe. Hakuna aliyesema kuwa bibi huyo amedharauliwa. Lakini bibi huyo huyo akifika nyumbani, twamwacha avuke ua wenye giza peke yake.

Nasema haya kwa uchungu. Nyumba ya mama yangu kule Ujiji niliiezeka bati kwa mshahara wangu wa ualimu. Nilipaka rangi sebule, nikaweka taa barazani wageni waione. Njia ya kwenda chooni, nyuma ya nyumba, niliiacha kama ilivyokuwa: udongo wa kuteleza, jiwe moja la kukanyagia, na giza. Usiku mmoja wa mvua mama alitoka peke yake, kwa kuwa hakutaka kuwaamsha wajukuu. Alivunjika nyonga. Majirani walisema, "Ndio uzee." Nami nilisema hivyo hivyo, maana neno hilo lilinipunguzia lawama. Alilala kitandani miezi mitano, akapata vidonda vya malazi, kisha nimonia, akatutoka. Ndugu zangu, uzee haukumwangusha mama. Aliangushwa na jiwe, na giza, na mwana aliyejua kupamba sebule.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuitazame nyumba kwa macho ya mzee. Njia ya chooni isawazishwe na kumwagiwa changarawe. Taa au tochi iwe karibu na kitanda. Chooni papigiliwe mti imara wa kushikia anapochuchumaa na kuinuka. Mikeka iliyojikunja pembe iondolewe, na mawese yakimwagika jikoni yafutwe papo hapo. Ndala zilizolika soli zitupwe. Mambo haya yahitaji jembe, nyundo na nusu siku ya Jumamosi.

Pili, tuuangalie mwili. Mzee asiyeona vizuri apelekwe kupimwa macho, kwani mtoto wa jicho hutibika. Dawa nyingine, zikiwamo za shinikizo la damu na za usingizi, huweza kuleta kizunguzungu mtu anapoinuka. Asiziache kwa shauri lake, bali amweleze daktari. Naye akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame.

Tatu, tusimkalishe mzee kitako kwa kisingizio cha heshima. Aliyewahi kuanguka huogopa kutembea. Asipotembea miguu hulegea. Na miguu ikilegea huanguka tena. Wataalamu wanashauri mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi kwa juma. Ainuke kitini na kukaa, mara kadhaa. Asimame kwa mguu mmoja huku ameshika meza na mtu yu karibu naye. Wako wanaoona haya kushika mkongojo. Tuwaambie kuwa hakuna nahodha aonaye haya kushika usukani.

Nne, akianguka na kushindwa kuinuka, tusimvute wala tusimchue. Afunikwe asipate baridi, atafutwe mhudumu wa afya, na akibebwa, abebwe kwa machela au ubao.

Na sisi wenye ofisi na shule tunao wajibu wetu. Ngazi za kuingilia ofisini ziwe na mhimili wa kushikia. Mzee asipandishwe ghorofani kwa karatasi ambayo karani angeweza kumshushia. Mwalimu wa sayansi afundishapo mifupa na misuli, awatume wanafunzi wahesabu nyumbani kwao mahali pote ambapo babu au bibi aweza kuanguka, kisha warudi na hesabu hiyo darasani. Mtoto aliyehesabu hataweza kupita tena bila kuona.

Ndugu Mwenyekiti, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jiwe lile kule Ujiji niliking'oa mwenyewe, wiki moja baada ya maziko. Lilitoka kwa mapigo matatu ya jembe. Naomba kila mmoja wetu, atakaporudi nyumbani leo, aulizie jiwe lake liko wapi, na alitoe kabla ya usiku.