Kambamiti Hajui Mipaka ya Hifadhi



Mjadala wa uvuvi wa kukokota nyavu aghalabu huanzia melini, ilhali ungefaa kuanzia katika mikoko. Kambamiti hutaga baharini. Wachanga wake hubebwa na maji hadi katika mikoko ya delta ya Rufiji, hukulia humo, kisha hurejea baharini. Njia yao ni mlango-bahari uliopo baina ya delta hiyo na kisiwa cha Mafia. Katika maji hayo ndimo meli za biashara zilimokokota nyavu zao kwa miaka mingi.

Wavu wa namna hiyo hauchagui. Hukumba kambamiti pamoja na samaki wachanga, taa na kasa, na mara nyingi uzito wa viumbe wasiotakiwa huupita ule wa kambamiti. Wengi hutupwa wakiwa wamekwisha kufa. Tena wavu huo hung'oa nyasi za bahari, malisho ya nguva, mnyama ambaye nchini Tanzania amebaki kwa uchache sana, hasa katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Naye mvuvi mdogo ambaye jarife lake limekatwa usiku hana wa kumdai.

Taifa halikukaa kimya. Sheria Namba 29 ya 1994 iliwezesha kuundwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822. Lakini Hifadhi hiyo imekumbatia zaidi upande wa kusini na mashariki, na njia ya kambamiti iko magharibi. Mwaka 2008, baada ya mavuno kupungua mno, uvuvi wa meli hizo ulisimamishwa. Sheria inayongoja mavuno yaporomoke humwadhibu mvuvi mdogo mara mbili: kwanza bahari inapokombwa, tena inapongojwa ipone.

Yapo mataifa yaliyochukua hatua. Mwaka 1980 Indonesia iliamuru meli hizo ziondoke katika maji ya Java na Sumatra, ili kuwanusuru wavuvi wadogo. Mwaka 1989 Marekani ilipitisha sheria ya kutonunua kambamiti wa nchi ambazo meli zake hazilindi kasa.

Ni kweli kwamba kambamiti huleta fedha za kigeni. Kwa sababu hiyo hiyo hapana budi sheria iifuate njia yake yote: itenge maji ya wavuvi wadogo, ifunge uvuvi katika miezi ya kukua, ilazimishe nyavu zenye tundu la kasa kutokea, na imweke mkaguzi ndani ya kila meli.

Sheria hiyo haitatosha ikibaki katika makabati ya ofisi. Ofisa wa Kilindoni aifafanulie kwa wavuvi kwa lugha yao, na mwalimu wa Jibondo awafundishe watoto safari ya kambamiti, ili wajue kinacholindwa na sababu yake.