Mto Hauonyeshi Pasi Mpakani
Hotuba ya Ofisa Uhusiano wa Polisi kwa wakazi wa mpakani, Muyinga



Mvua inyeshayo katika milima ya Gitega hushuka kwa mto Ruvyironza na kuingia Ruvubu. Ruvubu hupita huku Muyinga, huingia Tanzania, kisha huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Ndiyo maana mkulima wa bondeni aweza kufikiwa na mafuriko ilhali kwake hakujanyesha. Mwezi Aprili 2020, mto Rusizi ulifurika Gatumba na maelfu ya watu wakakosa makazi. Tusingoje kufundishwa na msiba.

Wataalamu wanayo njia ya kuyatangulia maji. Kwanza hutumia modeli ya haidrolojia, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria mvua itapeleka maji kiasi gani mtoni, na kwa muda gani, kulingana na mteremko, udongo na mimea. Kisha hutumia modeli ya haidroliki, ambayo huchukua kiasi hicho pamoja na umbo la mto na madaraja yake, ikaonyesha kina cha maji na mahali yatakapotapakaa. Hapo hujulikana njia ipi ifungwe, kaya zipi zihame kwanza, na wapi pasijengwe shule.

Hesabu hizo si ramli. Lazima zilinganishwe na vipimo vya kweli, kama vinavyokusanywa na Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU. Basi anayeng'oa ubao wa kupimia kina cha maji ili apate kuni, huwapofusha majirani zake wote, wa hapa na wa ng'ambo.

Nawaombeni mambo matatu. Vilindeni vipimio kama mnavyolinda visima vyenu. Wazee, waonyesheni wataalamu alama zilikofika maji ya zamani. Kumbukumbu zenu husahihisha kompyuta. Na polisi wanapofunga kivuko, msivuke kwa mtumbwi gizani. Askari hakuzuii biashara yako, anakuzuia usizikwe.

Tahadhari kabla ya athari.